Safari ya Dakika Mbili

Watu wengi hudhani ya kuwa eropleni ni chombo cha safari ndefu tu. Fikira hiyo si kamili. Kaskazini ya Uskoti, katika visiwa viitwavyo Orkney, kuna safari ya eropleni iliyo fupi kuliko zote zilizomo katika ratiba duniani.

Safari hiyo ni baina ya kisiwa cha Westray na kisiwa cha Papa Westray. Kati ya viwanja hivyo viwili pana umbali wa kilometa 2.7, yaani maili 1.7. Lau pangekuwa nchi kavu, mtu mwenye afya angeutembea mwendo huo kwa nusu saa na kitu. Ratiba imeipa safari hii dakika 2, na upepo ukiwa mwema huisha kabla ya dakika moja. Iliyopata kuwa ya haraka kupita zote ilichukua sekunde 53.

Msikilizaji aweza kuuliza: ikiwa eropleni hiyo huweza kwenda kilometa 240 kwa saa, mbona haifiki kwa sekunde 40? Jibu ni kwamba umbali peke yake haupimi muda. Eropleni haina budi kukimbia ardhini kwanza ipate nguvu ya kuruka, na kabla ya kutua lazima ipunguze mwendo. Tena huruka na kutua ikiukabili upepo. Basi upepo ukitoka upande usiofaa, rubani hulazimika kuzunguka, na safari hurefuka.

Shirika la Loganair lilianza safari hiyo mwaka 1967. Chombo kitumiwacho ni Britten-Norman Islander, eropleni ndogo yenye injini mbili, ichukuayo abiria 8 tu. Wakati mwingine abiria mmoja huketi kando ya rubani.

Yuko atakayesema kwamba huo ni upotevu wa fedha, kwani wakazi wa Papa Westray hawatimii hata 100. Ni kweli kwamba nauli peke yake haitoshelezi gharama, na Baraza la Visiwa vya Orkney hutoa fedha za umma ili eropleni zisikome. Lakini na afikiri pia upande wa pili. Bahari ya huko ni kali, hasa wakati wa baridi, na mgonjwa hawezi kuiamuru itulie. Waalimu, madaktari na wagonjwa wote huitegemea eropleni hiyo. Mahali pasipofikiwa na mwalimu wala daktari, vijana huhama, na wazee hubaki peke yao.

Kisiwani humo zimo nyumba za mawe zilizojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Watu wamekaa hapo tangu zamani sana, na dakika mbili za angani zawasaidia wajukuu wao waendelee kukaa.