Ujira wa Wakubwa na Haki ya Wenye Hisa

Wasikilizaji wangu wa Kiriba, na wa Musoma, Bunda na Butiama kwa jumla, mwalimu wa shule ya msingi hapa kwetu, ambaye kila mwisho wa mwezi hukatwa sehemu ya mshahara wake ikapelekwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ukimwambia kwamba anayo sehemu yake katika Benki ya CRDB huenda akacheka na kudhani unamfanyia mzaha. Walakini ndivyo ilivyo, kwa kuwa mfuko ule ni miongoni mwa wenye hisa wakubwa wa benki hiyo, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2009. Basi swali la leo lamhusu yeye kabla ya kumhusu tajiri yeyote wa mjini: ni nani akadiriaye ujira wa mkuu wa kampuni, na mwenye mali ana ruhusa gani ya kuujua?

Kanuni zipo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilitoa mwaka 2002 miongozo ya utawala bora kwa kampuni zilizoorodheshwa, na katika miongozo hiyo ujira wa wakurugenzi watendaji hupendekezwa na kamati ambayo wengi wa wajumbe wake si waajiriwa wa kampuni, ili mtu asijipimie nafaka mwenyewe ghalani. Kampuni zetu, kwa insafu, aghalabu hutii: ukifungua taarifa ya mwaka utaikuta kamati, na majina ya wajumbe, na vikao walivyohudhuria. Lakini endelea kufunua hadi kurasa za nyuma, kwenye maelezo ya hesabu ambayo wachache huyafikia, palipoandikwa habari za miamala na wahusika wa karibu. Hapo utaona malipo ya watendaji wakuu yamejumlishwa pamoja, mishahara kwa marupurupu, wala hujui katika mafungu hayo nani kachukua nini. Kanuni za kimataifa za uhasibu zaridhika na jumla hiyo. Na mkutano mkuu ukiitishwa, wenye hisa huombwa waidhinishe ada za wajumbe wa bodi, ambazo ndizo ndogo, ilhali mshahara wa mtendaji mkuu, ulio mkubwa, aghalabu haufiki mbele yao.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia. Sheria yao ya Makampuni ya mwaka 2015 yaitaka kila kampuni iliyoorodheshwa kutoa taarifa ya malipo ya wakurugenzi, kila mmoja kwa jina lake, na taarifa hiyo hupigiwa kura katika mkutano mkuu. Wala sijasikia kwamba kwa sababu hiyo Safaricom imekosa mtu wa kuiongoza.

Mfano mwingine u karibu zaidi, ng'ambo ya Mto Mara. Barrick, kampuni ya Kanada ambayo tangu mwaka 2006 imekuwa na mkono katika mgodi wa North Mara kule Nyamongo, ilimpa mwenyekiti mwenza wake, John Thornton, hedaya ya kuingilia kazini ya dola milioni 11.9 katika mwaka 2012. Aprili ya mwaka uliofuata wenye hisa walikutana Toronto, na asilimia 85 ya kura zikaukataa mpango wa malipo. Kura ile ilikuwa ya nasaha tu, haina nguvu ya amri. Hata hivyo bodi ilifedheheka, ikautengeneza mpango upya. Na waliotangulia kupinga walikuwa nani? Mifuko ya pensheni ya Kanada, watunzaji wa akiba za walimu na makarani.

Nasi watu wa Mara si wageni wa jambo hili, maana ni mwana wa Butiama, Julius Nyerere, aliyejipunguzia mshahara kwa asilimia 20 mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka uliofuata Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au hisa katika kampuni ya kibepari. Masharti hayo ya Azimio yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba mkuu wa shirika la umma asipokee zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi, na wengi walimshangilia. Mimi nasema amri kama ile yafaa kwa mali ya serikali, bali kampuni ya wenye hisa haihitaji kikomo cha Ikulu. Yahitaji jina na kiasi kuandikwa hadharani, na kura.

Nayo kura, mwalimu wa Kiriba hatakwenda kuipiga Arusha, kwenye mkutano mkuu wa CRDB. Mjumbe wa mfuko wake huenda, naye ana hisa za kumfanya asikilizwe, aulize yeye.