Pimbi, Jamaa ya Ndovu

(Mazungumzo kwa watoto wa shule za Kitale na Bungoma)

Mlima Elgon wajulikana sana na watoto wa Kitale na wa Bungoma. Zamani za kale mlima huo ulikuwa ukitema moto, na majivu yake yakafunika misitu. Baadhi ya magogo yaligeuka mawe, na hata leo yaonekana katika kuta za pango la Kitum. Ndani ya pango lilo hilo ndovu huingia gizani, wakabandua mwamba wenye chumvi kwa pembe zao, wakautafuna.

Katika miamba ya mlima huo hukaa pia mnyama mdogo aitwaye pimbi. Nduguye, perere, hukaa mitini, na kilio chake cha usiku huwatisha wageni. Uzito wa pimbi ni kilo 4 hivi, hana mkia, na amtazamaye kwa haraka humdhani sungura. Lakini wataalamu wamethibitisha ya kuwa katika wanyama wote wa nchi kavu walio hai, jamaa wa karibu zaidi wa ndovu ni pimbi.

Pengine mtoto atacheka na kuuliza, "Yawezekanaje?" Ushahidi ni huu. Kwanza, meno. Pembe za ndovu si pembe kama za ng'ombe, bali ni meno ya mbele ya utaya wa juu, nayo hayaachi kukua. Pimbi naye ana meno mawili ya namna hiyo. Pili, miguu. Vidole vya pimbi vina kucha bapa mithili ya kwato ndogo, wala si kucha kali kama za paka. Tatu, mimba. Sungura huzaa baada ya mwezi 1, bali pimbi, ijapokuwa ni mdogo, huchukua mimba miezi 7 hivi. Na ndovu huchukua miezi 22. Jamaa wa tatu yumo baharini, naye ni nguva, alaye majani ya bahari huko Lamu.

Hapo kale ukoo huu ulikuwa mkubwa mno. Huko Fayum, nchini Misri, imechimbuliwa mifupa ya pimbi waliokuwa wakubwa kama ng'ombe, walioishi zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Katika Afrika ya Mashariki aliishi dainotheri, aliyefanana na ndovu, ila pembe zake zilitoka katika utaya wa chini na kupinda kuelekea ardhini. Mifupa yake imeonekana Olduvai na karibu na Ziwa Turkana. Alitoweka yapata miaka milioni 1 iliyopita.

Katika aina nyingi za ndovu wa kale, leo zimesalia 3 tu: mbili za Afrika na moja ya Asia. Dainotheri hakumalizwa na bunduki. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua ndovu wengi wa Elgon kwa ajili ya pembe, hata mwaka 1989 mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe baina ya nchi na nchi.

Basi, watoto, yafaa kukumbuka ya kuwa udugu haupimwi kwa ukubwa wa mwili, na ya kuwa ukoo uliokwisha kupoteza matawi mengi hauna budi kutunzwa katika yale machache yaliyobaki. Mnyama akiisha kutoweka, hubaki mifupa tu, na mifupa haizai.