Maamuma Naye Ana Wajibu: Neno kwa Kijana Mfanyakazi

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana mjini Nyeri baada ya Swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ramadhan nyingine tukiwa na uhai na afya. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, dada zangu, na nyinyi wazazi mtakaosoma haya nyumbani, leo sitazungumzia wakubwa. Mihadhara kuhusu viongozi tumesikia mingi. Bosi mzuri anavyotakiwa kuwa tunajua sote, na bosi mbaya kila mtu ana wake wa kumsimulia. Leo tujizungumzie sisi tulio chini: karani, mhudumu wa hoteli, kondakta, muuguzi wa zamu ya usiku, kibarua wa shamba la maua kule Nanyuki, muuza duka wa Karatina, na yule anayeshika mzani kiwandani wakulima wanapoleta kahawa. Wengi wetu tulioketi hapa ndio hao. Na tuna maneno yetu tuliyoyazoea: "Mimi mdogo tu hapa, hiyo ni kazi ya wakubwa."

Je, maneno hayo yatatufaa Siku ya Hisabu? Hebu tuangalie.

SAFU YA SWALA INATUFUNZA NINI?

Usiku wa leo inshaallah tutasimama Tarawehe nyuma ya imamu. Hebu mtazame maamuma. Hamtangulii imamu. Imamu akirukuu, ndipo naye anarukuu. Hiyo ni sheria, na pia ni adabu. Lakini je, huyu maamuma amelala? Hasha! Imamu akisahau aya, aliyehifadhi nyuma yake humkumbusha. Imamu akikosea rakaa, wanaume husema "Subhanallah", wanawake hupiga kofi. Imamu akitengukwa na udhu, hutoka, na mtu wa safu ya mbele husogea akaendeleza swala. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alitaka watu wenye akili na ufahamu wawe karibu naye nyuma pale.

Kuna kisa kinachojulikana katika hadithi sahihi. Siku moja Mtume (S.A.W.) aliswalisha, akatoa salamu baada ya rakaa mbili badala ya nne. Abubakar na Umar (R.A.) walikuwepo, lakini haiba ya Mtume iliwazuia kusema. Akasimama mtu mmoja, aliyeitwa Dhul-Yadayn kwa sababu ya urefu wa mikono yake, akauliza kama swala imepunguzwa au Mtume amesahau. Mtume hakumkemea. Aliwauliza waliobaki, wakathibitisha, akakamilisha swala na kusujudu sijida ya kusahau.

Zingatia mambo mawili, ewe kijana. La kwanza, aliyesema si yule mkubwa kuliko wote msikitini. La pili, hakusema "umekosea". Aliuliza. Aliacha nafasi kwamba pengine kuna jambo asilolijua yeye.

SIKU YA BADRI

Mfano wa pili umetoka mwezi huu huu. Vita vya Badri vilipiganwa Ramadhan ya mwaka wa 2 Hijria, na Waislamu walikuwa mia tatu na kitu tu. Katika sira tunasoma kwamba jeshi lilipopiga kambi, Hubab bin al-Mundhir (R.A.) aliliona lile pahala, moyo wake haukutulia. Akamwendea Mtume (S.A.W.) na kuuliza: hapa ni amri ya wahyi tusiyoweza kuivuka, au ni rai na mbinu za vita? Alipojibiwa kwamba ni rai, ndipo akatoa shauri lake: wasogee hadi kisima kilicho karibu zaidi na adui, visima vingine vifukiwe, wao wawe na maji na adui asiwe nayo. Mtume akalikubali, na kambi ikahama.

Hubab hakununa pembeni akinong'ona na wenzake kwamba mkuu hajui vita. Sisi tunafanya vipi? Mkutano wa kazi ukiitishwa, tunanyamaza kama tumemwagiwa maji. Mkutano ukiisha, pale nje penye chai, ndipo kila mtu anakuwa mtaalamu. Hubab alikwenda kwa mwenyewe, akauliza kwanza, kisha akatoa njia. Mtu anayeleta lawama tupu huyo ni mlalamishi. Anayeleta lawama pamoja na njia ya kutokea, huyo ni msaidizi.

GRAMU HAMSINI

Sasa nikuambieni langu mwenyewe, na si jambo la kujivunia.

Nikiwa kijana nilipata kazi ya stoo katika duka moja la jumla, mji mmoja wa huku mlimani. Duka sitalitaja. Kazi yangu ilikuwa kufungua magunia ya sukari na kupima pakiti za kilo moja. Siku moja pakiti ilipasuka, nikaipima upya kwenye mzani wa kaunta. Ikapungua gramu hamsini. Nikapima nyingine, hivyo hivyo. Mzani wa stoo ulikuwa na kasoro. Nikajiambia: bosi anajua. Wafanyabiashara ndivyo walivyo. Mimi nani hata niseme?

Nikaendelea kufunga pakiti zile karibu miezi minne, na Ramadhan ikiwa ndani yake. Mchana nimefunga, usiku niko Tarawehe, na mkononi gramu hamsini za watu.

Kisha wakaja maafisa wa vipimo na mizani. Bosi akaitwa. Kumbe hakujua! Niliuona uso wake, nikaamini. Baada ya kutozwa faini aliniita kando, akauliza, "Wewe ulijua?"

Nikasema, "Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Hakunifuta kazi. Pengine angenifuta ingekuwa nafuu kwangu. Maana nilibeba mizigo miwili: niliwapunja wanunuzi, na nilimdhania vibaya mtu aliyeniamini. Na yule mama aliyekuja na pesa zake za mwisho kutafuta sukari ya uji wa futari, leo nitampata wapi nimwombe radhi? Dhambi kati yako na Mola ina mlango wa toba. Haki ya mja inataka mwenyewe akusamehe, na mimi wenyewe siwajui hata majina.

Mtume (S.A.W.) alitufunza tumsaidie ndugu yetu akidhulumiwa, na akidhulumu pia. Maswahaba walipouliza vipi atasaidiwa anayedhulumu, alieleza kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo kunyamaza kwangu hakukuwa heshima kwa bosi. Nilimnyima msaada aliokuwa na haki nao. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

NA KAMA BOSI ANAJUA?

Hapo utaniuliza: sawa, bwana, huyo wako hakujua. Je, wangu anayejua, na ndiye aliyeamuru?

Nchi yetu ina mfano, na tuuseme wote, utamu wake na uchungu wake. Mapema miaka ya 1990 kijana aitwaye David Munyakei alikuwa karani tu katika Benki Kuu ya Kenya. Mbele ya macho yake zikapita karatasi za malipo makubwa kwa kampuni ya Goldenberg, fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa nazo kwa kiasi hicho. Wakubwa wangapi waliziona karatasi hizo wakapiga muhuri? Munyakei alitoa nakala, zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 nchi nzima ikajua.

Malipo yake yalikuwa nini? Alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Mashtaka yaliondolewa baadaye, lakini kazi ilikwenda. Akateremka Mombasa kuanza maisha upya, na huko pwani akasilimu na kuoa. Mwaka 2003 tume ya Jaji Bosire ilipoundwa kuchunguza Goldenberg, alikwenda kutoa ushahidi. Mwaka 2004 alitunukiwa kwa uadilifu wake. Mwaka 2006 alifariki, na alikufa maskini. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Kuwalinda Mashahidi. Yeye haikumfaa.

Siwezi kukudanganya kwamba ukisema kweli utapandishwa cheo. Lakini karani yule alielewa jambo moja ambalo mimi wa stoo sikulielewa: karatasi ikipita mkononi mwako, nawe umo ndani yake.

BASI TUFANYE VIPI?

Kwanza, fanya kazi yako vizuri. Anayemkumbusha imamu lazima awe ndani ya swala. Ukichelewa kila siku, ukalala juu ya meza mchana na kisingizio ni "nimefunga", nani atakusikiliza siku ukisema kuna kasoro? Huku kwetu Waislamu ni wachache, na wengi wa mabosi zetu si Waislamu. Wewe ndiye Uislamu wanaousoma.

Pili, hakikisha, kisha uliza kwa adabu, na faraghani. "Mzee, nimeona hili, je, ndivyo linavyotakiwa?" Neno hilo limewaokoa wengi.

Tatu, asiposikia, panda ngazi inayofuata, na uandike ulichokiona na tarehe yake. Ukiamriwa kudhulumu, kataa kwa upole. Hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba.

Nne, jua haki zako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akueleze kosa na akusikilize, ukiwa na mwenzako wa kazini, kabla ya kukufukuza kwa utovu wa nidhamu. Pia kumlalamikia mwajiri kwa sababu ya kweli si kosa la kufukuziwa kazi. Mahakama ya Ajira inakaa hapa Nyeri, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi mjini humu. Na kama wewe ni msimamizi, Sheria ya Hongo ya 2016 inakutaka uripoti hongo unayoijua au kuishuku ndani ya saa 24.

Tano, usigeuze ukweli kuwa silaha ya chuki. Siri za nyumbani mwa bosi si kazi yako, wala kosa dogo si la kutangazwa sokoni. "Subhanallah" ni neno moja tu, halimvunjii imamu heshima mbele ya safu.

Na nyinyi wachache mlio wakubwa, mmiliki wa duka, meneja, baba mwenye nyumba: mkisikia "Subhanallah" nyuma yenu, msigeuke kwa hasira. Ulizeni, thibitisheni, mrekebishe. Mbora wa viumbe alifanya hivyo.

Ndugu yangu, tunafunga vinywa visile mchana. Tusivifunge vikashindwa kusema haki. Kesho asubuhi ukifika kazini, tazama mzani ulio mbele yako, uwe wa sukari, wa kahawa au wa karatasi. Ukiuona haukai sawa, sema mapema, kabla hujawa na deni kwa watu usiowajua.

Mola atupe ulimi wa kweli wenye adabu, atusamehe tulionyamaza, atujaalie riziki ya halali, na atukubalie swaumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.