Tumwombee kwa Jina Lake

(Hotuba iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka makanisa rafiki.)





Baadhi yenu mlipoona kwenye ratiba kwamba Ofisi ya Miradi itazungumza juu ya sala, bila shaka mlishangaa. Mmezoea kutusikia tukizungumzia visima, mbuzi wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Sala ni ya wachungaji, sisi ni watu wa taarifa na stakabadhi. Lakini katika kazi ya kuwasaidia watoto waliosafirishwa na kutumikishwa tumeona jambo moja ambalo halikuwamo katika andiko lolote la mradi. Mahali ambapo usharika uliomba kwa kumtaja mtoto, mtoto alitafutwa. Mahali ambapo watu waliomba kwa jumla, waliitika "Amina" wakaenda nyumbani kula. Hilo ndilo tulilokuja kulisema.

Tuelewane kwanza juu ya jambo lenyewe. Mtu akisikia maneno "biashara ya binadamu" anafikiria minyororo na majahazi. Lakini itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2000, ile inayoitwa ya Palermo, na sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, hazidai mnyororo. Zinatazama mtu amechukuliwaje, kwa njia gani, na kwa lengo gani. Amechukuliwa, amesafirishwa au amepokelewa, kwa nguvu, kwa udanganyifu au kwa kutumia vibaya unyonge wake, ili atumikishwe. Akiwa ni mtoto chini ya miaka 18, udanganyifu hauhitaji hata kuthibitishwa. Akichukuliwa ili atumikishwe, inatosha. Kwa hiyo yule anayesema "mbona mwenyewe alikubali, tena alifurahi kupanda basi," hajajibu kitu. Mwaka 2022 Bunge liliirekebisha sheria hiyo na kuuziba mwanya uliomwezesha mkosaji kulipa faini badala ya kwenda jela.

Sasa tuje nyumbani kwetu, huku nyanda za juu kusini. Hakuna anayehitaji kuelezwa jinsi inavyokuwa. Matokeo ya darasa la saba yametoka, au kipaimara kimekwisha, au ni Desemba na watu wamerudi kula Krismasi. Shangazi, au dada fulani wa kijijini aliyeolewa mjini, anakuja na sukari na khanga. Anamwambia mama: "Huyu mtoto nipe mimi, nitamsomesha ufundi cherehani, na kila mwezi atakutumia chochote." Nauli analipa yeye. Asubuhi basi linaondoka, jioni mtoto anashuka kituo cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, na anayempokea siye yule aliyeahidiwa. Anaamka saa kumi usiku, analala saa sita, analea watoto wa mwenzake, na mshahara "unatunzwa" na mwenye nyumba. Cherehani hajaiona. Simu ya kumpigia mama hana.

Tunaomba tusieleweke vibaya. Kazi ya nyumbani ni kazi halali, na wako mabinti wengi wa mkoa huu waliojenga nyumba za wazazi wao kwa kazi hiyo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Mtu mzima aliyepatana mshahara, anayelipwa, mwenye siku ya kupumzika na anayeweza kusema "naacha kazi" akaondoka, huyo ni mfanyakazi. Tusimwite mtumwa, maana tutamwaibisha bure. Ila asiyeweza kuondoka, tuache kumwita "mtoto tunayemsaidia".

Kuna pia njia ndefu zaidi, ya kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, wengi wakieleza jinsi walivyonyang'anywa pasipoti na kufanyishwa kazi bila mapumziko. Huko kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake, na anayetoroka nyumba huhesabiwa kuwa ndiye mkosaji. Leo hatutaingia huko kwa undani. Tunataja tu ili mjue kwamba njia ya Muskat huanza kama ya Mbezi: mtu anayefahamika, ahadi, na nauli iliyolipwa na mwingine.

Wapendwa, fungueni Matendo ya Mitume sura ya 16 mtakapofika nyumbani. Paulo na wenzake wako Filipi, wanakwenda mahali pa kusali, na njiani wanakutana na msichana mtumwa mwenye pepo wa uaguzi, ambaye mabwana zake wanapata faida kubwa kwa huo uaguzi wake. Anawafuata siku nyingi. Hatimaye Paulo anamtoa yule pepo kwa jina la Yesu. Angalieni kinachotokea. Wale mabwana hawafurahi kwamba binti amepona. Wanaona tumaini la faida yao limepotea, na wanawakamata Paulo na Sila. Mbele ya mahakimu hawataji fedha hata kidogo. Wanasema watu hawa wanavuruga mji na kuleta desturi ngeni.

Hayo maneno tumeyasikia. Tukimwuliza mtu juu ya mtoto aliyemchukua, anatujibu kwamba ofisi ya kanisa inaharibu mila, maana Mwafrika humlea mtoto wa ndugu yake. Mila hiyo tunaiheshimu, na wengi tuliomo humu tulisomeshwa na baba wadogo. Lakini baba mdogo alitupeleka shule.

Tena liko jambo la pili katika sura hiyo. Luka anamtaja Lidia, yule mama mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, kwa jina na kwa mji wake. Askari wa gereza tunaambiwa alibatizwa pamoja na nyumba yake. Yule msichana hatuambiwi jina lake, wala usiku ule alilala wapi. Pepo ametoka, mabwana wamekasirika, waliomsaidia wako gerezani. Yeye je? Swali hili linatusumbua katika ofisi yetu kuliko mengine yote, kwa sababu ndiko kazi ya kanisa inakolegea. Tunashangilia aliyeokolewa, kisha tunamwacha.

Turudi kwenye sala. Sala ya kanisa inayosikika katika sharika nyingi husema: tuwaombee wanaoonewa, wanaoteswa na walio katika vifungo vya kila namna. Ni sala nzuri, haina kosa. Ila vifungo vya kila namna havina anwani. Na kuna sala nyingine tunayoipenda sana, ya kumwombea safari njema kijana anayekwenda mjini. Anasimamishwa mbele, anawekewa mikono, mzazi anatoa sadaka ya shukrani. Ni mara ngapi mzee wa kanisa ameuliza, kabla ya kunyoosha mkono, mtoto huyu anakwenda kwa nani?

Katika mtaa mmoja, ambao hatutautaja, mama mmoja alitoa shukrani ya namna hiyo kwa ajili ya binti yake wa miaka 15. Miezi mitatu ikapita bila simu. Jumuiya yake ikaanza kumwombea binti huyo kila Alhamisi, kwa jina. Juma la kwanza waliomba. Juma la pili mzee mmoja akauliza, ili waombe vizuri, yuko mtaa gani huko Dar es Salaam? Mama hakujua. Nani aliyempeleka? Kimya. Juma la tatu akasema: ni mwanakwaya wetu, na alimpa elfu thelathini. Hakuna aliyemhoji yule mama kama polisi. Ilikuwa ni sala tu, lakini sala yenye jina la mtu inadai habari za mtu. Mchungaji akaenda naye kwa afisa ustawi wa jamii, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mwezi wa tano binti akarudi, bila mshahara hata wa siku moja, na kovu la pasi mkononi.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mwanakwaya yule alikuwa ndugu wa watu wengi katika usharika, na kamati iliombwa iyamalize kifamilia, kwa kuombana radhi na kulipana kitu. Wako waliosema kusamehe ni amri ya Bwana. Sisi tulisema, na tunalirudia mbele yenu, kwamba msamaha ni wa yule aliyekosewa, na hakuna mzee mwenye mamlaka ya kuutoa kwa niaba ya mtoto wa miaka 15. Kosa la jinai halimalizwi vestri. Tumwombee yule mama wa kwaya pia, kwa jina, maana naye ni wa Kristo. Lakini tumwombee akiwa anajibu mashtaka yake.

Jambo hili si geni kwa Walutheri wa nchi hii. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Waanglikana pale Mkunazini likajengwa juu ya uwanja wake. Lakini biashara haikufa siku ile, kwa sababu mashamba na nyumba bado zilitaka mikono ya bure, na huku bara utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Mwaka 1896, kule Lutindi katika milima ya Usambara, kilianzishwa kituo cha kuwalea watoto waliotolewa utumwani. Leo ni hospitali ya magonjwa ya akili, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Tunapenda kuwakumbusha wafadhili wetu habari za Lutindi kwa sababu moja: wale watoto walihitaji chakula, kitanda na mtu wa kukaa nao miaka mingi baada ya pingu kufunguliwa.

Na mnunuzi je? Hapa tunasema na sharika za mjini, na tunajua wajumbe wao wamo humu. Jumuiya inakutana nyumbani kwa mzee. Tunaimba, tunasoma neno, tunaomba. Chai inaletwa na msichana ambaye wakati wa sala yuko jikoni. Hakuna anayejua jina lake, anaitwa "dada" tu. Juma lijalo, kabla ya sala, mwiteni akae. Mwulizeni jina, kwao ni wapi, mara ya mwisho ameongea na mama yake lini. Kisha mwombeeni. Mwenye nyumba asipopenda, mtakuwa mmejifunza jambo. Yakobo katika sura ya 5 anasema juu ya ujira uliozuiliwa unaolia, na kilio kile kinamfikia Bwana. Sasa utaombaje baraka katika nyumba ambayo ujira unalia nyuma ya mlango wa jiko?

Tunajua hofu yenu: kutaja majina kutaleta umbea. Hofu hiyo ni ya kweli. Binti tuliyemsimulia alikaa ndani wiki sita kwa sababu ya minong'ono ya njia ya kisimani. Kwa hiyo tunatenganisha. Aliye mbali na asiyejulikana alipo, atajwe kwa sauti katika jumuiya, kwa idhini ya wazazi. Aliyekwisha kurudi, atajwe na mchungaji na watu wawili wanaomtembelea, basi. Habari za aliyotendewa si za kushuhudiwa madhabahuni, labda atake mwenyewe atakapokuwa mtu mzima. Na kwenu wageni wetu wapendwa: mtatusamehe, lakini hatutawatumia picha za mabinti hawa, wala barua zao. Tutawapa hesabu ya nauli, ya posho ya familia zinazowapokea, na ya ada za chuo cha ufundi. Mkituuliza mwaombee nini, tutawaandikia kila mwezi haja zilizopo, bila majina. Mungu anayajua.

Baada ya chai kila usharika utapokea daftari moja. Lina safu za jina la anayesafiri, umri, anakokwenda, jina na simu ya anayempeleka, na tarehe ya simu ya kwanza kutoka huko. Katibu wa mtaa alijaze kabla ya sala ya safari, siyo baada yake. Simu isipoingia kwa siku 14, jumuiya ianze kuomba kwa jina, na siku hiyo hiyo mzee mmoja aende kwa afisa ustawi wa jamii au apige 116, namba ya msaada kwa mtoto, ambayo haitozwi fedha. Ndugu zetu Wakatoliki huomba kwa ajili ya jambo hili tarehe 8 Februari, siku ya Mtakatifu Bakhita, binti wa Sudan aliyeuzwa utotoni. Tumekubaliana na wenzetu wa parokia jirani kuomba pamoja siku hiyo. Tarehe 30 Julai, siku ya kimataifa ya kupinga biashara hii, sadaka ya ibada ya asubuhi itatengwa kwa nauli za kuwarudisha watoto.

Daftari zipo kwa mtunza hazina, mlango wa kushoto. Tafadhali wekeni sahihi mnapochukua.