Fimbo Impigayo Mnyama

Maudhui ya kipindi chetu cha leo ni jambo ambalo aghalabu watu hulipita kwa kicheko, yaani ukatili wanaofanyiwa wanyama, na nasaba iliyopo baina ya ukatili huo na jeuri wanayofanyiwa wanadamu.

Najua ya kuwa, kabla sijafika mbali, yuko msikilizaji ambaye amekwisha kunung'unika moyoni. Atasema: katika mji huu wetu wa Bukavu, ambao hospitali yake ya Panzi, tangu ilipoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, imewapokea maelfu kwa maelfu ya wanawake na watoto wa kike walioumizwa miili na heshima zao, hata daktari huyo akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni akili gani kuwaacha majeruhi hao na kuzungumza habari za mbwa na mbuzi? Swali hilo ni la haki, wala anayeliuliza hana ubaya; basi nitamjibu kwanza kwa kisa cha kweli, kisha kwa hoja.

Mwaka 1874, katika mji wa New York huko Marekani, bibi mmoja mpenda kheri, Etta Wheeler jina lake, ambaye kazi yake ilikuwa kuzizuru nyumba za mafukara, alipata habari ya binti mdogo aitwaye Mary Ellen, aliyekuwa akifungiwa ndani na kupigwa na mlezi wake karibu kila siku. Bibi huyo alibisha hodi huku na huku akitafuta msaada asiupate, mpaka mwisho akamwendea Henry Bergh, ambaye mwaka 1866 alikuwa ameasisi chama cha kuwakinga wanyama na ukatili, na ambaye watu wa mji ule walimjua kwa kuwazuia waendesha magari kuwachapa farasi waliochoka. Bergh hakusema kwamba kazi yake ni farasi na kwamba watoto wana wenyewe. Yeye na wakili wake, Elbridge Gerry, walilifikisha shauri mbele ya hakimu, mtoto akatolewa katika nyumba ile, mlezi akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na kwa sababu ya shauri hilo kikaasisiwa New York chama cha kuwalinda watoto wasionewe. Mtu aliyezoea kumhurumia farasi hakuwa na haja ya kufunzwa upya namna ya kumhurumia mtoto. Na huyo anayedhani kwamba huruma kwa mnyama ni wizi wa huruma ya mwanadamu, na atafakari kisa hiki.

Wahenga wa mataifa mengi waliliona jambo hili zamani. Kitabu cha Mithali humtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake; na katika hadithi za Mtume wa Uislamu mna habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa, na ya mtu aliyeghufiriwa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu. Mwanafalsafa wa Kiingereza, John Locke, katika kitabu chake cha malezi kilichotoka mwaka 1693, aliwaonya wazazi juu ya watoto wanaojifurahisha kwa kuwatesa ndege na vipepeo, akisema ya kwamba mazoea hayo huufanya moyo kuwa mgumu hata kwa binadamu. Mwaka 1751 mchoraji William Hogarth wa London alitoa picha nne, kwa bei nafuu ili zimfikie hata mtu wa kawaida, zikionyesha maisha ya kijana Tom Nero: katika ya kwanza anamtesa mbwa, katika ya pili anampiga farasi aliyeanguka, katika ya tatu amemwua mwanamke, na katika ya nne yeye mwenyewe amekwisha nyongwa na maiti yake inapasuliwa na madaktari.

Picha hizo zilienea mno, hata mwanafalsafa Immanuel Kant akawatajia wanafunzi wake. Na tangu hapo watu wengi wameamini kwamba ukatili ni ngazi, ambayo mtu akikanyaga kidato cha chini kwa mnyama, hana budi kukifikia cha juu kwa mwanadamu. Lakini elimu yataka insafu, na wataalamu walioichunguza ngazi hiyo hawakuikuta kama Hogarth alivyoichora. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 153 wa jimbo la Massachusetts waliowahi kushtakiwa kwa kuwatesa wanyama, wakawalinganisha na majirani zao 153 wa jinsia, umri na mtaa mmoja nao. Wakaona kwamba watesaji wa wanyama waliowahi kufanya makosa ya jeuri dhidi ya watu walikuwa zaidi ya mara tano ya majirani waliowahi kuyafanya. Hata hivyo, walipotazama lipi lilitangulia, hawakuona kwamba kumtesa mnyama kulitangulia zaidi kuliko kulivyofuata: wengine walianza kwa mnyama, na wengine kwa mwanadamu.

Maana yake ni nini, wasikilizaji wangu? Maana yake ni kwamba tusimhukumu kila mtoto aliyemrushia mbwa jiwe katika vichochoro vyetu kuwa ni mwuaji wa kesho, kwa kuwa hiyo itakuwa dhuluma. Lakini vilevile tusimwone mtesaji wa mnyama kuwa ni mtu ambaye ubaya wake umekomea zizini. Mkono ni mmoja, na yeyote aliye dhaifu na aliye karibu, awe na miguu minne au miwili, yumo katika hatari ya kufikiwa nao. Waswahili walikwisha kusema: fimbo impigayo mke mwenzio, ukiiona itupe mbali, nami nadiriki kuongeza ya kwamba hata ikiwa imempiga mbuzi tu, itupe vilevile.

Natamani tukae kidogo katika jambo hili la nyumbani, maana ndimo nasaba ninayoizungumzia inamofanya kazi kila siku bila kuonekana. Mwaka 1998 mtaalamu Frank Ascione alitoa habari za wanawake 38 wa jimbo la Utah waliokimbilia nyumba ya hifadhi kwa sababu ya kupigwa na wenzi wao. Na katika wale waliokuwa wakifuga wanyama nyumbani, 71 kwa mia walisema kwamba mwanamume alikuwa amemtishia, amemwumiza au amemwua mnyama wao, na wengine walikawia kuondoka kwa kuogopa yatakayompata mnyama wakimwacha nyuma. Mtu atakaye kuitawala nyumba kwa hofu hana haja ya kumpiga mkewe kila siku. Yatosha amchinje kwa hasira kuku ambaye mtoto anampenda, au amvunje mguu mbuzi ambaye mama alimnunua kwa fedha za likelemba, yaani upatu, naye mke na watoto wataifahamu risala hiyo barabara, ya kwamba leo ni huyu, kesho ni ninyi.

Na kwetu Kivu ya Kusini mnyama wa nyumbani si pambo. Katika miaka ya vita, ng'ombe na mbuzi walipokuwa wakiporwa na wenye silaha, jamaa nyingi ziligeukia kufuga simbilisi, kwa kuwa ni mdogo, hufichika jikoni, na watu wanapokimbia huweza kubebwa kapuni. Na aghalabu watoto ndio wanaomkatia majani na kumlisha. Mnyama huyo ndiye ada ya shule, ndiye dawa, ndiye mboga ya siku ya shida, na kwa mtoto ndiye kiumbe wa kwanza ambaye uhai wake uko mikononi mwake. Kwa hiyo amwumizaye humtesa mnyama, huiibia jamaa, na humfunza mtoto ya kuwa aliye mdogo hana haki, yote kwa pigo moja.

Vita vyenyewe navyo vimetupa ushahidi mkubwa zaidi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kutiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, haiko mbali na mji wetu. Na tangu mapigano ya mwaka 1996 bunduki zilezile zilizowafukuza watu vijijini ziliingia msituni, tembo wa milimani wakauawa, na gorila wa nyanda za chini za mashariki mwa nchi yetu, ambao katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa kama 17,000, wakapungua mno, hata makadirio ya mwaka 2021 yakawa kiasi cha 6,800 tu. Atakaye kumkamata mtoto wa sokwe akiwa hai aghalabu humwua mama yake kwanza, kwa kuwa mama huyo hamwachi mwanawe. Na mateka hao wadogo, waliokutwa wamefungwa kamba sokoni au majumbani, ndio waliosababisha mwaka 2002 kuanzishwa kwa kituo cha kuwalea huko Lwiro, katika Kabare, kwa ushirikiano wa idara ya hifadhi, ICCN, na kituo cha utafiti cha CRSN.

Leo Lwiro kuna sokwe zaidi ya 100, bila kuwahesabu nyani na kima. Na miongoni mwa wanaowalea wamo akina mama ambao wenyewe waliyaonja machungu ya vita, kama filamu fupi iitwayo Mama, ya Mhispania Pablo de la Chica, ilivyomwonyesha mmoja wao. Yatima wa sokwe anapofika hapo, mwenye kovu la kamba kiunoni na hofu ya kila mkono unaomkaribia, hubebwa kifuani, hunyweshwa maziwa kwa chupa, na hulindwa asiogope, na mwanamke ambaye ulimwengu ulimtenda kwa ukatili uleule. Ikiwa ukatili mmoja uliwaumiza wote wawili, si ajabu kwamba rehema moja yaweza kuwafaa wote wawili.

Sasa, tufanye nini sisi tusio na sokwe wala hospitali? La kwanza, tupambanue. Motari anayemfunga mbuzi miguu na kumlaza nyuma ya pikipiki kutoka Walungu, au mchuuzi anayewaning'iniza kuku vichwa chini, hafanyi hivyo kwa kufurahia maumivu. Yeye atafuta riziki kama alivyoona wenziwe wakifanya, na kinachomfaa ni mafunzo na kapu pana. Lakini mtoto anayemtesa mnyama kwa siri, tena mara kwa mara, tena akicheka, huyo anatupa habari ambayo haifai kupuuzwa.

La pili, mtoto wa namna hiyo asikimbiliwe na kiboko, kwa kuwa kumchapa aliye mdogo ili umfunze asimchape aliye mdogo kuliko yeye ni kumrudia somo lilelile alilolijua. Aulizwe kwa upole ni nani ampigaye yeye, ameona nini nyumbani, na usiku hulala vipi. Maana mara nyingi mtoto atendaye ukatili alianza kwa kutendewa. Kisha apewe mnyama wa kumtunza chini ya uangalizi wa mtu mzima, ajue njaa na shibe ya kiumbe mwingine.

La tatu nawausia wauguzi, waalimu, madaktari wa mifugo na mashefu wa avenyu: mnapomwuliza mwanamke habari za nyumbani kwake, mwulizeni pia kama mumewe hutishia kuwaua wanyama wake, na daktari wa mifugo akiona mbwa yuleyule analetwa na majeraha yasiyoelezeka, aukumbuke mlango alikotoka. Na majirani, ikiwa dada yetu anashindwa kuihama nyumba ya hatari kwa sababu ya mbuzi wake wawili, mpokeeni mbuzi hao uani kwenu, kwa kuwa kwa tendo dogo kama hilo huenda mkayaokoa maisha ya mtu.

Huyo aliyeniuliza mwanzoni kwa nini nizungumze juu ya mbwa, jibu langu ni hili: majeruhi wengi wa mji huu walionewa nyuma ya kuta, pasipokuwa na shahidi, na mnyama aliaye nyuma ya ukuta mara nyingine ndiye shahidi wa pekee ambaye sauti yake hutufikia. Ukisikia kilio hicho usiku wa leo, usiseme kwamba ni mbwa tu. Uliza ni nani mwingine akaaye katika nyumba hiyo, na kesho asubuhi nenda ukamjulie hali.