Kikao Kabla ya Filimbi



Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kuuingiza mchezo wa lakrosi katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Mara ya mwisho medali zake kutolewa ilikuwa London, mwaka 1908. Kwa asiyeujua: kila mchezaji ana fimbo yenye wavu kwenye ncha, na kwa fimbo hiyo hudaka, hubeba na kurusha kimpira kigumu cha raba mpaka golini. Wenye mchezo ni wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Kwetu Afrika Mashariki, Uganda ilipeleka timu Denver mwaka 2014, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya wanaume.

Ila kisa kilichoninasa mimi ni cha mabinti wa Kenya. Agosti 2019 walikwenda Peterborough, Kanada, kwenye mashindano ya dunia ya wasichana walio chini ya miaka 19. Fimbo walikuwa nazo, njumu hawakuwa nazo. Wakacheza na raba za kawaida, wakawa wanateleza kwenye nyasi. Walioliona hilo ni wapinzani wao wa Israeli. Wachezaji na familia zao wakachanga, wakawanunulia njumu. Wengi waliosimulia kisa hiki walisifu ukarimu, na kweli unastahili kusifiwa. Mimi nilibaki nawaza zile familia zilizokaa pembeni ya uwanja. Kocha huangalia mpira unakokwenda. Mzazi huangalia miguu ya mtoto.

Sasa tuje kwetu Bagamoyo, kwenye soka na netiboli ya vijana, na lakrosi nayo ikija, karibu. Msimu wa klabu zetu hupangwa na watu watatu wenye filimbi. Mama mwenye nyumba anapata habari Alhamisi usiku, mtoto anapodai hela ya jezi ya mechi ya Jumamosi. Hapo tutegemee jibu gani?

Tazama hiyo saa kumi jioni inayopendwa na makocha wote. Saa kumi kuna watoto wako madrasa. Kuna mama amekwenda ufukweni kusubiri samaki wa kukaanga, na mtoto mchanga ameachiwa dada yake wa darasa la sita. Ndoo zinasubiri maji. Dada huyo akikosa mazoezi mara tatu, anafutwa kwenye orodha na kuambiwa hana nidhamu. Hana nidhamu! Mtoto aliyekwishalea, kuchota maji na kukosha vyombo kabla kocha hajavaa fulana yake. Kaka yake, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda dukani kununua chumvi, ndiye nahodha.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa klabu: nendeni kwa wazazi na karatasi tupu, msiende na ratiba iliyokwisha kuchapwa. Waulizeni madrasa inatoka saa ngapi, na mazoezi yaishe mapema kiasi gani ili mtoto wa Kiromo awe nyumbani kabla ya maghribi, maana barabara ile ya kwenda Dar magari hayana huruma na bodaboda ndiyo kabisa. Waulizeni nani atambeba mdogo wa nani. Labda mabinti wafanye mazoezi Jumamosi asubuhi, labda siku mbili badala ya nne. Mwezi wa Ramadhani upangiwe utaratibu wake, na masika vilevile, viwanja vinapojaa maji. Wa darasa la saba waachiwe nafasi mtihani wa Septemba unapokaribia, mzazi asije akalazimika kuchagua.

Yapo ya gharama pia. Ikitajwa mapema, mama anaweza kuipangia kwenye kikoba. Ikitajwa Alhamisi, hawezi. Njumu zilizombana mmoja zimfae mdogo wake au wa jirani, klabu iwe na kapu lake la viatu. Cheti cha kuzaliwa nacho, kwa ambaye hajakifuatilia RITA, kianze kutafutwa sasa, kwa sababu mashindano ya umri huanza kwa ubishi wa umri. Mabinti wapate mwalimu wa kike, na nguo ya stara isiwe jambo la kuombea ruhusa.

Tena usalama. Katika lakrosi wavulana huvaa helmeti yenye kizuizi cha uso. Wasichana huvaa miwani ya kinga na kizuia meno. Mzazi akionyeshwa vifaa hivyo kabla ya kuonyeshwa ule mpira, nusu ya mabishano imekwisha.

Siku ya kikao? Ijumaa mchana msiiguse. Jumapili asubuhi wengine wako misani. Jumapili alasiri inafaa, chini ya mwembe wowote wenye kivuli, akina mama wakae mbele na wasemeshwe kwanza. Mkishaipata siku, angalieni kalenda ya ligi: ikiangukia Simba na Yanga, mtakuwa mnazungumza na viti.