Deni la Nyumba na Matunzo Yake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imenitaka niseme juu ya nyumba zinunuliwazo kwa fedha za mkopo. Jambo hili latuhusu sana sisi wa mshahara wa mwezi. Tangu sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, mabenki ya Tanzania yamezidi kukopesha kwa muda wa miaka mingi, na mtumishi wa Serikali hupendwa nayo, kwa kuwa siku ya mshahara wake yajulikana.

Twaeni mfano. Karani akopa Sh. 30,000,000 kwa riba ya 15 kwa mia kwa mwaka, ihesabiwayo juu ya deni lililobaki, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi atakatwa kama Sh. 419,900. Sasa tazameni fedha hizo zaenda wapi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni Sh. 375,000, zilizopunguza deni lenyewe ni Sh. 44,900 tu. Mwezi wa pili riba yapungua kidogo sana, na hivyo hivyo polepole, hata itimie miaka 11 ndipo karibu nusu ya deni itakapokuwa imelipwa. Mwisho wake atakuwa ametoa zaidi ya Sh. 75,500,000. Wengi husema benki imewadanganya. Sivyo, hesabu ndiyo iliyo hivyo, walakini yafaa mtu aijue kabla ya kutia sahihi. La kuogopa zaidi ni riba ile itozwayo juu ya fedha zote za kwanza, hata kama umekwisha kulipa nyingi. Kwa mkopo ule ule, na 15 ile ile, karani wetu angekatwa karibu Sh. 541,700 kila mwezi. Basi ulizeni riba ni ya namna gani, na jibu litolewe kwa maandishi.

Akiweza kuongeza Sh. 50,000 kila mwezi, na benki ikakubali kuzitia katika deni lenyewe, atamaliza kwa miezi 129 badala ya 180.

Kanuni yataka makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara. Huo ni mpaka, wala si shauri jema. Aliyebakiwa na theluthi hana hata fedha ya debe la chokaa, na nyumba haingoji deni liishe ndipo ianze kuharibika.

Kwetu pwani masika huanza Machi hata Mei. Basi mwezi wa Februari mtu apande juu, au amwite fundi, atazame misumari ya bati mmoja mmoja. Hewa ya chumvi huila misumari upesi, na msumari mmoja uliolegea wapitisha maji hata kwenye boriti. Mbao zikiisha kulowa, mchwa hawako mbali. Mifereji ya bati isafishwe majani, na maji yaongozwe mbali na msingi. Nyufa na rangi zingoje kiangazi cha Juni hata Septemba, maana rangi ipakwayo juu ya ukuta wenye maji hubanduka, na fedha imekwenda bure. Kabla ya vuli ya Oktoba tazameni tena paa. Mimi naona afadhali kutenga Sh. 40,000 kila mwezi kwa kazi hizi kuliko kukopa tena paa likivuja, kwani mkopo wa pili ndio uwafanyao wengi kushindwa na ule wa kwanza, hata nyumba ikauzwa.

Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka nyumba ya ndoa isiwekwe rehani pasipo idhini ya mke au mume. Mwenzio naye aoneshwe hesabu hizi mapema, asiletewe karatasi ya kutia sahihi tu.

Nimeandika hesabu ya miezi yote 180 katika karatasi, nayo iko kwa Katibu. Mwenye kutaka kuinakili aje nayo kalamu.